Kurumbiza Aliyeitwa

Kama kuna mtu aliyeumbwa bila breki mdomoni, basi ni Chiriku. Jina hilo alipewa na wateja wake wa saluni, kwa vile aliweza kusuka kichwa kizima bila kuupumzisha ulimi, na likamkaa vizuri hata mama yake mzazi akaacha kutumia lile la kwanza. Lakini asubuhi hii ungemwona ungemhurumia. Alikuwa anatembea nyuma ya watu watatu kwenye njia ya mchanga, sweta la kuazima mwilini, midomo ameibana kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na hakuwa amesema neno tangu washuke kwenye gari.

Kulia na kushoto kulikuwa na jangwa tupu, mawe na mchanga mpaka macho yanachoka. Katikati yake umepita mto mmoja mwembamba, na kandokando ya mto huo matete, migunga na mikoche ilisongamana, kijani kibichi cha kushangaza. Kila chenye bawa katika nchi ile kavu kilikuja kunywa hapo, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza.

"Unaendelea vizuri," Fundi alimnong'oneza, akipunguza mwendo ili walingane.

"Nimemeza maneno mengi nimeshiba," Chiriku alinong'ona. "Nikipasuka, mwambie mama yako nilikufa kwa adabu."

Fundi alicheka kwa pua. Mbele yao mama yake akageuka. Aliwatazama tu, na wote wawili wakainamisha vichwa kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, mgongo umenyooka, darubini shingoni. Nusu ya vijana wa mji ule waliangukia mikononi mwake siku walipozaliwa, na bado aliwatazama kwa jicho lile la kukagua kama wako kamili. Nyuma yake alifuata shangazi yake Fundi, dada wa marehemu baba, mnene, mwenye kicheko cha karibu, amekumbatia chupa ya chai. Fundi mwenyewe alikuwa anatengeneza pampu za visima huko jangwani. Mikono yake ilikuwa na grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote, na macho yake yalikuwa na upole ambao Chiriku hakuwahi kuuona kwa mwanamume mwingine. Alimpenda mpaka akajionea huruma.

Ila mama hakutaka. Mara ya kwanza Fundi alipomtaja Chiriku nyumbani, mama aliuliza, "Yule aliyeachika?" Mara ya pili alisema maneno ambayo Fundi, kwa ujinga wa mapenzi, aliyafikisha kama yalivyo: "Mwanamke anayesema kila kitu isipokuwa kimoja, hicho kimoja ndicho kinachonitisha. Alitoka kwa mumewe na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini. Sitaki mwanangu naye aje aulizwe kwa nini, akose jibu."

Shangazi ndiye aliyepata njia. "Mlete mtoni, wifi," alimwambia mama. "Watu wote unawapimia pale. Mpime na yeye." Na mama, ambaye tangu afiwe hakuwa na furaha nyingine zaidi ya ndege wale, akakubali kwa shingo upande.

Waliposhuka kwenye gari alitoa sharti lake, na alilitoa akimtazama Chiriku peke yake.

"Hapa hatuwaiti ndege, binti. Hakuna mluzi, hakuna kuwaigiza, na simu zenu zisitoe mlio. Kuna watu wanakuja na sauti za ndege kwenye simu, wanazipiga ili ndege watoke wawapige picha. Dume akisikia sauti ya dume mwingine anajua nyumba yake imevamiwa. Anatoka kupigana, jike naye anatoka, kiota kinabaki wazi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama," alijibu Chiriku, na tangu hapo akafunga mdomo.

* * *

Wallahi, asubuhi ile ndege walikuja kana kwamba walialikwa. Keremkerem walijipanga kwenye tawi kavu, kijani na dhahabu, wakiruka mmoja mmoja kunyaka nyuki na kurudi palepale. Mdiria alijitupa majini akatoka na samaki mdogo kuliko kidole. Yangeyange walisimama kwenye maji ya kina kifupi, weupe, wanyamavu, na hudihudi alipita mbele yao njiani akipandisha na kushusha kishungi chake kama mtu anayejaribu kofia dukani. Shangazi alikuwa anahema kwa furaha. Chiriku, ambaye maisha yake yote ndege kwake walikuwa kuku na kunguru, alijikuta amesimama mdomo wazi bila kukumbuka kwamba alitakiwa awe kimya. Alikuwa kimya kweli.

Wakafika kwenye ufuko wa mchanga, na mama akainua mkono wasimame. Kundi la firigogo lilishuka kutoka jangwani, likatua ukingoni. Wengine walikunywa. Lakini madume waliingia majini mpaka kifuani, wakawa wanajitikisa.

"Wanaoga?" Chiriku alinong'ona. Lilimtoka.

Mama hakukasirika. "Hawaogi. Wanalowesha manyoya ya kifua. Watoto wako mbali huko kwenye mawe, hawajui kuruka. Baba anawabebea maji kifuani, wakifika wananyonya manyoya."

"Maskini, baba wa watu," Chiriku alisema.

Akahisi anatazamwa. Alipogeuka akakuta ni Fundi, na yeye hakuwa anatazama firigogo hata kidogo. Walitazamana hivyo, na katika macho yale Chiriku aliona nyumba, watoto, ndoo ya maji mlangoni, mambo yote ambayo alikuwa amejikataza kuyatamani tena. Alikuwa wa kwanza kukwepesha macho.

Mama aliona. Midomo yake ikarudi kuwa mstari.

"Twende," alisema.

Walipotembea kidogo, akamsubiri Chiriku, wakawa bega kwa bega. Chiriku akajua kwamba sasa mtihani umefika.

"Unampenda mwanangu."

"Nampenda, mama."

"Na wa kwanza ulimpenda?"

"Nilimpenda."

"Ikawaje?"

Chiriku alifungua mdomo. Mwanamke huyu anayejua kusimulia mpaka ugomvi wa kuku wa jirani, alitafuta neno moja akalikosa.

"Haikuwa, mama," alisema mwishowe.

"Hmm," mama aliitikia, na mlango ukafungwa. Alianza kutazama juu ya migunga. "Wifi anasema kurumbiza amerudi mwaka huu. Alimwona mara moja hapa. Tangu marehemu aondoke mimi sijamwona. Alikuwa ndege wake yule. Alikuwa ananivuta mkono hapa, ananiambia sikiliza, sikiliza, na mimi nawaza nguo zilizolowekwa nyumbani." Akarekebisha ukanda wa darubini. "Ningemwona hata mara moja, ningerudi nyumbani nimeshukuru. Hata hilo jambo lenu ningelitazama kwa moyo mwingine. Lakini siku zinakwisha, na kurumbiza hatoki."

Akasonga mbele na kumwacha.

Hapo ndipo shetani alipomkalia Chiriku begani. Maana sauti ya kurumbiza alikuwa nayo mfukoni. Fundi alimtumia mwanzoni kabisa mwa mapenzi yao. Aliikuta kwenye simu ya zamani ya baba yake, akamwambia, "Sina kitu kizuri kuliko hiki." Chiriku alikuwa akiisikiliza kabla ya kulala, usiku baada ya usiku, mpaka akaijua kuliko sauti ya mama yake.

Hakusahau sharti. Tusimtetee kwa hilo. Alilikumbuka neno kwa neno. Lakini alijiambia ni mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, na kwamba mwanamke mwenye huzuni atafurahi, na nani ataumia? Mtu akitaka kukosea hakosi wakili ndani ya kichwa chake.

"Nguo yangu imenaswa na miba, tangulieni," aliwaambia. Alichuchumaa nyuma ya mgunga, akatoa simu, akabonyeza.

Haikuchukua muda. Kitu cha manjano kilichomoka kwenye majani ya juu, kikatua waziwazi kwenye tawi lililoinama juu ya njia, pale pale walipokuwa wamesimama wenzake. Kurumbiza. Kifua kama kiini cha yai, koo limevimba, anaimba kwa nguvu zake zote. Kisha akatokea wa pili, hakuwa na rangi kali kama ya mwenzake, akizungukazunguka kwa wasiwasi.

Chiriku alizima simu. Akairudisha mfukoni.

"Wifi!" shangazi alisema kwa sauti iliyokatika. "Wifi, umemwona?"

Mama alikuwa amemwona. Darubini ilikuwa imeshuka kifuani, machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta, na alikuwa anatabasamu. Uso wake wote ulikuwa umelegea, ukawa uso wa msichana. Kurumbiza aliruka tawi hadi tawi, akawafuata, akaimba tena na tena, anatafuta mvamizi wake. Kwa wale waliokuwa chini ilikuwa kama amekuja kuwasalimu. Walisimama muda mrefu sana. Wakakiona mpaka kiota, kikapu kidogo kinaning'inia kwenye panda ya tawi, na mama akasema, "Hebu tumtazame kidogo tu," na kidogo ile ikarefuka.

Walipoondoka, mama alimshika Chiriku mkono.

"Umekuja na heri," alimwambia. "Nimekuja hapa na watu wengi, hawajanitolea kurumbiza. Nilikuwa na maneno makali ya kukuambia leo. Nimeyaacha hapo chini ya mti."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Tutakuja kwenu kuposa. Mwambie mama yako ajiandae."

Fundi alisikia, akaruka kama ameguswa na umeme, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia shangazi, na Chiriku akakumbatiwa kwa macho tu, kwa heshima. Chiriku alitabasamu. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alikuwa amepewa kila alichokitaka, na alijiona mchafu tangu kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu.

* * *

Walikaa kwenye kivuli kunywa chai. Shangazi aligawa mkate. Chiriku alikuwa na kipande mdomoni hakijui njia ya kwenda chini.

"Niwaambie jambo," mama alianza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haya. "Msinicheke. Wewe wifi hasa, usinicheke."

"Sikucheki."

"Kabla ya yule ndege kutoka, nimemsikia marehemu. Amekohoa. Kile kikohozi chake cha kusafisha koo, kama anataka kusema neno. Kwenye majani pale nyuma. Nimemsikia kwa masikio yangu haya, halafu ndege akatoka."

Shangazi aliweka kikombe chini. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Kaka yangu alikupenda, wifi. Sishangai."

"Nilidhani ameniacha kabisa," mama alisema. "Kumbe bado anapita."

Chiriku aliweka mkate chini. Kikohozi! Kilikuwa mwanzoni kabisa mwa sauti ile, mzee anasafisha koo kabla ndege hajaanza. Alikuwa amekisikia mara nyingi mpaka hakikuwa sauti tena kwake, kama mlango wa nyumbani unavyolia bila wewe kuusikia. Aliinua macho, yakagongana na ya Fundi. Fundi alikuwa amebadilika rangi. Amejua.

"Mama, tunaenda kunawa," Fundi alisema, akainuka. Chiriku alimfuata mpaka kwenye mawe ya ukingoni, mbali na masikio.

"Ulifanya nini, Chiri?"

"Ulisikia mwenyewe."

"Alikwambia usifanye! Alikutazama machoni akakwambia!"

"Alikuwa amenifungia mlango, Fundi. Aliniuliza habari za ndoa yangu, nikashindwa kujibu. Nikaona nimekupoteza. Nimefanya kama mwizi, najua. Usinikaripie, tayari najikaripia. Nakwenda kumwambia."

"Hapana." Alimshika mkono. "Hapana, tafadhali. Hujamwona uso wake? Tangu mzee afe sijawahi kuuona uso ule. Utamnyang'anya?"

"Nitamnyang'anya kitu ambacho si cha kweli."

"Na sisi je? Amesema atakuja kuposa. Kwa mdomo wake. Unajua nimelisubiri hilo tangu lini?"

"Najua."

"Basi nyamaza. Mara moja tu maishani mwako, nyamaza."

Chiriku alimtazama. Kulikuwa na kitu kingine usoni mwake, siyo hasira wala mapenzi, na alikitambua kwa sababu na yeye alikuwa nacho.

"Fundi. Mama ameisikia lini mara ya mwisho sauti ile?"

Fundi aliangalia maji.

"Fundi."

"Hajaisikia," alisema kwa shida. "Hajui kama ipo. Nilipoikuta alikuwa bado analia kila siku, nikasema nitampa akitulia. Kisha nikakutumia wewe, nilitaka nikupe kitu. Kisha nikaona haya. Utamwambiaje mama yako kwamba sauti ya mume wake umempa msichana kwanza? Siku zikapita. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

Chiriku alikaa kwenye jiwe. Kumbe kila usiku alikuwa akilala na kitu cha mwanamke mwingine.

"Uliwahi kutaka kujua kwa nini niliondoka kwa yule bwana," alisema taratibu. "Alikuwa na nyumba nyingine, mke na watoto. Nilijua, na wakwe zangu walijua, na mimi nikijua kwamba wanajua. Tunakaa meza moja, napakua chakula, nawachekea. Kwa aibu, Fundi. Niliona nikisema nitaaibika. Nikakaa hivyo mpaka nikawa sijitambui kwenye kioo. Sasa ukiniambia ninywe chai ya mama yako namna ile ile..."

Hakumaliza. Kutoka kule kwenye migunga ilisikika kelele ya ndege, kali, ya mfululizo, na juu yake sauti nzito ya kunguru. Kisha sauti ya mama: "Shh! Toka! Toka hapo!"

Walikimbia. Mama na shangazi walikuwa wamerudi kutazama mara ya mwisho, wakafika kwa kuchelewa. Kunguru alikuwa amekaa kwenye panda ya tawi. Kikapu kile kilining'inia upande mmoja, kimechanika. Wale kurumbiza wawili walikuwa wanamrukia, lakini yeye aliinama, akachukua alichobakiza, akaruka zake polepole kuelekea jangwani. Chini kwenye mchanga kulikuwa na ganda moja lenye madoadoa.

Mama alipiga magoti, akaliokota, akaliweka kiganjani.

"Ni mimi," alisema.

"Wifi, ni kunguru. Kunguru ndivyo walivyo."

"Ni mimi, wifi. Nimewakalia wanawake wakizaa maisha yangu yote. Najua saa ya kutoka chumbani, mama apumue na mwanawe. Sijawahi kukosea. Leo nimesimama hapa kama nimekodi mahali, namtolea macho mzazi kwa ajili ya furaha yangu, mpaka akaogopa kurudi kwenye mayai yake. Nawakataza wenzangu mimi, halafu naua mimi." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono, kama mtoto. "Aibu gani hii na uzee huu."

Shangazi alimbembeleza. Fundi alisimama nyuma, amekunja ngumi, akamtazama Chiriku na kutikisa kichwa: usiseme.

Chiriku alipiga magoti kwenye mchanga, uso kwa uso na mama.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Niliwaambia nimenaswa na miba. Sikunaswa. Nilikuwa na sauti ya kurumbiza kwenye simu, nikaipiga ili atoke umwone. Ulikuwa umenikataza, nami nilikuelewa, nikaipiga hivyohivyo. Nilitaka unipende." Sauti ilikuwa inamkatika lakini hakusimama. "Na kile kikohozi ni cha kwenye simu. Mzee mwenyewe ndiye aliyerekodi. Nisamehe, mama. Sikujua kwamba hujawahi kuisikia."

Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Juu yao kurumbiza walikuwa bado wanalia.

Mama alimtazama Chiriku muda mrefu, na uso ule wa msichana ukaondoka kidogokidogo, ukarudi uso wa mkunga. Hakupiga kelele. Chiriku angefurahi kama angepiga kelele.

"Ulimtoa wapi marehemu?" aliuliza.

Chiriku aliinamisha kichwa. Hilo halikuwa lake la kusema.

"Kwangu," Fundi alisema. Alisogea mbele, mikono imemning'inia. "Mimi ndiye niliyempa. Nilikuwa nayo tangu baada ya msiba, mama. Kwenye simu yake ya zamani."

"Tangu msiba."

"Ndiyo, mama."

"Nililala na shati lake chini ya mto nikiogopa kuisahau sauti yake. Ulikuwa unaniona. Ulikuwa unaingia chumbani unaniletea uji, unaniona."

Fundi alianza kulia, mwanamume mzima, na hakuna aliyemkaribia.

"Wifi, mchukue huyu mkakae kwenye gari," mama alisema bila kumtazama mwanawe. "Wewe binti, baki."

Walipoondoka, mama aliinuka kwa kujishika magoti. Alilizika lile ganda chini ya mgunga kwa kidole, akaanza kutembea kuelekea upande wa jangwa, mbali na miti. Chiriku alimfuata. Walitembea mpaka kelele za ndege zikapotea, wakawa kwenye mawe matupu, jua limeshaanza kuchoma. Mama akakaa kwenye jiwe.

"Hapa hawasikii," alisema. "Nipe."

Chiriku alimfungulia simu, akamwonyesha pa kubonyeza, akageuka kuondoka ili amwachie nafasi.

"Umeambiwa uondoke? Kaa chini."

Alikaa mchangani, chini ya miguu yake, kichwa kimeinama. Hakuthubutu kuinua macho kutafuta nafasi yake katika uso ule. Mama hakubonyeza. Aliishika simu kwa mikono miwili juu ya mapaja.

"Sikupendi leo," alisema.

"Najua, mama."

"Yale ya posa niliyasema kwa ajili ya ndege. Nimeyarudisha."

"Ni haki yako."

"Nikilikumbuka lile ganda nitakuona wewe. Sijui litaniisha lini."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Machozi yalidondokea mchangani na kukauka palepale. Alijua sasa amempoteza Fundi, na hakuwa na mtu wa kumlaumu, hata kunguru.

"Ulikuwa umeshapata kila kitu," mama aliendelea, kwa sauti ya mtu anayejiuliza. "Nilishakubali. Na kosa nilishalibeba mwenyewe, mbele ya wifi yangu. Ungekaa kimya tu. Kwa nini ulisema?"

"Ulisema ni wewe," alijibu Chiriku. "Nikashindwa kukuangalia ukibeba."

Upepo ulipita, ukatulia. Mama alitazama kule gari lilikokuwa, kwa mbali, na mwanawe ameegemea boneti amefunika uso.

"Mtoto niliyemzaa amenificha tangu msiba," alisema taratibu. "Wewe hukuweza kunificha mpaka chai ipoe."

Chiriku alinyanyua uso. Hakukuta tabasamu. Alikuta macho mekundu ya mwanamke aliyechoka, yanamtazama kama alivyowatazama wengi kabla yake, anahesabu kimoyomoyo kama kila kitu kipo mahali pake.

"Nitakuja kwenu," mama alisema. "Sitakuja na posa, usimdanganye mama yako. Nitakuja peke yangu, tukae, unieleze ile ndoa yako yote, tangu mwanzo. Nikishasikia ndiyo nitajua."

"Nitakueleza, mama. Ina mambo ya aibu."

"Hata mimi leo ninayo," mama alijibu, akabonyeza simu.